Umeokota jino la papa la kale ufuoni? Soma hapa kwanza

Video za wapiga mbizi wanaoibuka baharini na meno makubwa meusi ya papa zimesambaa kwenye simu, na baadhi ya wakaazi wametuuliza maswali mawili. Je, meno hayo ni ya kweli? Na je, mtu anaweza kuyatafuta hapa kwetu Kilifi bila kuvunja sheria? Jibu la swali la kwanza ni ndiyo. La pili linahitaji maelezo.

Mahali panapojulikana zaidi kwa shughuli hii ni Venice, mji mdogo ulio kwenye pwani ya magharibi ya jimbo la Florida, Marekani. Mji huo hujiita makao makuu ya meno ya papa duniani. Si mbali na ufuo wake, kwenye kina cha mita 6 hadi 10 hivi, kuna tabaka za mawe na changarawe zenye umri wa mamilioni ya miaka. Mawimbi huzila tabaka hizo kidogo kidogo, na meno yaliyokuwa yamefukiwa hubaki yametapakaa chini ya bahari. Mengine husukumwa hadi ufuoni, ambapo watalii huyachekecha mchangani kwa vikapu vya waya.

Kwa nini meno tu, si papa mzima? Anayekula papa wa ng'onda anajua jibu. Mnyama huyu hana mifupa migumu kama ya changu au ya mbuzi. Ana gegedu, na gegedu huoza upesi. Jino ndilo gumu. Tena papa hubadilisha meno maisha yake yote: la mbele likidondoka, la nyuma yake husogea kuchukua nafasi, hivyo papa mmoja huweza kudondosha maelfu. Jino likifukiwa mapema kwenye matope au mchanga, madini ya ardhini huliingia polepole kwa maelfu ya miaka hadi weupe wake ugeuke kuwa weusi, kijivu au kahawia. Hilo ndilo tunaloita kisukuku. Kwa hivyo jino jeupe uliloliona kwenye meza ya muuza samaki ni la papa wa juzi tu.

Linalosakwa zaidi Venice ni la megalodoni, papa mkubwa aliyetoweka zaidi ya miaka milioni tatu iliyopita. Jino lake kubwa kabisa hufikia sentimita 18. Liweke kwenye kiganja cha mtu mzima na litakaribia kumaliza vidole.

Wapo wapiga mbizi wanaokodi mashua, lakini wengi huingia baharini kutoka ufuoni, mtungi wa hewa mgongoni, wakaogelea mita mia kadhaa hadi kwenye changarawe. Wengine hutumia kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa plastiki ambao sasa tunauona hata kwenye Mkondo wa Kilifi na Mida. Mtungi hufungwa nyuma, nanga hutupwa, na mtu hushuka akifuata kamba. Chini huko kazi ni ya utulivu. Hupepea mchanga kwa kiganja na kuangalia kinachobaki, kwani jino ni zito kuliko mchanga. Maji yakichafuka, mtu huweza kushindwa kuuona mkono wake mwenyewe.

Sheria ya Florida inamtaka mpiga mbizi awe na bendera nyekundu yenye mstari mweupe wa mshazari, ama juu ya boya analolivuta, ama juu ya chombo chake. Kwenye bahari wazi hapaswi kwenda zaidi ya mita 90 hivi kutoka kwa bendera hiyo, na mashua zikiingia ndani ya umbali huo lazima zipunguze mwendo. Kanuni hii imeletwa na ajali. Aliye chini hasikii mashua inatoka upande gani, na nahodha haoni kichwa kinachoibuka mbele yake.

Sasa tuje kwa sheria ya kuokota, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopotoshwa na video. Huko Florida, anayetaka kukusanya visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo kwenye ardhi ya jimbo, ikiwemo sehemu ya chini ya bahari na mito, lazima awe na kibali kinachotolewa kupitia makavazi ya historia ya asili yaliyo katika chuo kikuu cha jimbo hilo. Hata mwenye kibali hutakiwa kuripoti alichopata. Meno ya papa yameondolewa kwenye masharti hayo kwa makusudi. Ni mengi, na aina zake zinajulikana vyema. Hivyo yule unayemwona kwenye simu akitia meno mfukoni anafanya hivyo kwa ruhusa ya sheria ya kwao.

Kenya haina msamaha wa namna hiyo. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inahesabu mabaki yoyote ya binadamu, mnyama au mmea ya kabla ya mwaka 1895 kuwa mambo ya kale. Jino la papa lililogeuka jiwe limo. Kwa mujibu wa sheria hiyo, anayefukua au kupekua juu ya ardhi kwa nia ya kutafuta vitu hivyo sharti awe na leseni, hata kama shamba ni lake. Aliyekipata kwa bahati, akilima, akichimba msingi au akitembea ufuoni, ana siku saba kuwaarifu Makavazi ya Kitaifa, aeleze mahali hasa alipokipata na jinsi alivyokipata, kisha akikabidhi. Kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Mgeni akikwambia anunue ili akarudi nacho kwao, jua kwamba anakuingiza matatani pamoja naye.

Je, kwetu kuna visukuku? Angalia ukuta. Nyumba nyingi za mawe Pwani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na mwamba huo wa ukanda wa bahari ulikuwa miamba hai zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Mafundi wanaochonga mawe hukutana na kombe na matawi ya matumbawe ndani yake kila siku. (Hapana, hakuna atakayekuja kubomoa ukuta wako.) Nyuma ya ukanda huo, kuelekea bara, kuna miamba ya kale zaidi, ikiwemo ile ya upande wa Mombasa yenye visukuku vya amonaiti, kiumbe wa baharini mwenye gamba la kujiviringa aliyetoweka pamoja na dainosaria.

Umuhimu wa kutaja mahali unaonekana vizuri katika kisa cha Loperot, Kaunti ya Turkana. Mwaka 1964 mtafiti kutoka Marekani alipata huko kisukuku cha nyangumi. Nyangumi, Turkana, zaidi ya kilomita 700 kutoka baharini! Baadaye kisukuku hicho kilipotea machoni pa wanasayansi kwa miaka mingi, kikaja kupatikana tena Marekani mwaka 2011. Kwa kuwa mahali kilipotoka palikuwa pamerekodiwa, watafiti waliweza kupima umri wa tabaka hilo, yapata miaka milioni 17, na kueleza kwamba nyangumi alipanda mto kutoka Bahari Hindi wakati ardhi hiyo ilikuwa tambarare ya chini. Leo pako zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari. Mfupa mmoja wenye anwani ulisaidia kukadiria ni lini Afrika Mashariki ilianza kuinuka. Bila anwani ungekuwa pambo la kabati la mtu.

Kuna maeneo ambako hata kombe la jana huruhusiwi kuondoka nalo. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zimelindwa tangu mwaka 1968 na ziko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Humo, unachokiona unakiacha.

Wanaopiga mbizi kwa burudani hawajakatazwa, ila tunawaomba waige zile bendera na maboya kabla ya kuiga mengine. Msizamie peke yenu. Msitumie mtungi wa hewa bila mafunzo, hata kwenye kina cha mita sita: anayeupanda huo mwendo mfupi akiwa amezuia pumzi anaweza kupasuka pafu. Msimu wa Kusi bahari huchafuka, na karibu na mlango wa Sabaki udongo wa mto hufanya maji kuwa kama chai ya maziwa. Ulizeni wavuvi wa eneo hilo kuhusu mkondo na bamvua kabla ya kushusha kayaki.

Na ukikutana na jino jeusi lililo zito kama jiwe, piga picha likiwa pale pale lilipo, ukiweka kando yake sarafu au kalamu ili ukubwa uonekane. Andika tarehe, jina la ufuo au kijiji, na alama ya karibu isiyohama, kama vile mbuyu, kisima au msikiti. Usilikwangue wala kulisafisha kwa dawa. Kisha nenda kwa maafisa wa Makavazi ya Kitaifa walioko Gede au Malindi, au Fort Jesus kwa walio karibu na Mombasa. Ukishindwa kusafiri, mwone chifu wako au afisa wa wodi akusaidie kufikisha taarifa ndani ya zile siku saba.