Moto wa duka la Brussels ulivyoleta bima ya lazima kwa majengo

Msafirishaji anayevuka mpaka anaifahamu vyema bima ya mtu wa tatu, na wengi hubeba kadi ya njano ya COMESA. Nchini Ubelgiji bima ya namna hiyo inamhusu pia mwenye duka kubwa. Miongoni mwa maafa yaliyosababisha hali hiyo ni moto wa Mei 22, 1967.

Mchana wa siku hiyo moto ulizuka katika duka la A L'Innovation, mtaa wa Rue Neuve, katikati ya jiji la Brussels. Ndani walikuwamo wateja na wafanyakazi wapatao 1,000. Watu 251 walipoteza maisha. Chanzo cha moto hakikuthibitishwa.

Jengo hilo la mwaka 1901 lilikuwa na uwazi mkubwa katikati, kutoka chini hadi kwenye paa la vioo. Uwazi huo ulipandisha moshi na moto juu kama dohani. Darini hapakuwa na mabomba yanayonyunyiza maji yenyewe moto unapotokea. Baadhi ya watu waliposikia kengele ya hatari walidhani ni ya chakula cha mchana. Aidha, mtaa ulikuwa mwembamba na magari yaliyoegeshwa yalikwamisha zimamoto.

Wakati huo, aliyetaka fidia alipaswa kuthibitisha kosa la mhusika. Chanzo kisipojulikana, kosa litathibitishwaje?

Sheria ya Ubelgiji ya Julai 30, 1979 ilijibu swali hilo. Mwendeshaji wa jengo linalopokea umma huwajibika kwa waliodhurika na moto au mlipuko hata kama hakukosea, na lazima awe na bima ya kulipia dhima hiyo. Wanaohusika ni pamoja na hoteli, na maduka ya rejareja yenye jumla ya mita za mraba 1,000 au zaidi, likihesabiwa ghala lililopakana nayo.

Kwa mfanyabiashara wa nchi yoyote, tofauti ya kuzingatia ni hii: bima ya moto ya mali hulipa shehena yako iliyoungua, lakini hailipi mteja aliyejeruhiwa dukani mwako. Hiyo ni bima ya dhima, nayo hukatwa peke yake au huongezwa kwenye mkataba. Kabla ya kukodi duka au ghala, muulize mwenye jengo na wakala wa bima ni nani anayeibeba.

Kwa wasafirishaji, lori likishusha mzigo lisizibe mlango wa dharura wala njia ya zimamoto.