MLINZI NA MATEKA WALIKUWA NDUGU

Mwananchi atokaye Sumbawanga akateremka hadi Kasanga, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, hufika mahali palipokuwa na boma la Wajerumani, ambalo wao waliliita Bismarckburg. Wengi wafikapo hapo huwataja makamanda wa Kizungu. Ni wachache wakumbukao kwamba mwishoni mwa mwaka 1918 hapo walipitishwa mateka wa vita, na kwamba miongoni mwa mateka na walinzi wao walikuwamo Waafrika wenzetu.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilikoma Ulaya tarehe 11 Novemba, 1918. Habari hizo zilimfikia Jenerali von Lettow-Vorbeck siku chache baadaye, karibu na Mto Chambeshi. Tarehe 25 Novemba alisalimisha silaha zake Abercorn, mji uitwao leo Mbala, nchini Zambia, jirani na Ufipa. Wajerumani aliokuwa nao hawakufika mia mbili; askari Waafrika walizidi elfu moja, na wapagazi walikuwa wengi kuliko askari. Watu hao waliteremshwa hadi Kasanga, wakavushwa ziwa mpaka Kigoma, kisha Waafrika wakapelekwa Tabora kwa gari moshi. Kambini huko Tabora homa kali ya mafua, iliyokuwa ikizunguka dunia nzima, iliwaua baadhi yao kabla hawajaona tena makwao.

Je, mlinzi wao alikuwa nani? Alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza katika Afrika ya Mashariki. Jeshi hilo liliandikisha hata watu wa nchi hii hii. Kikosi chake cha sita, kilichoundwa mwaka 1917, kilikuwa na askari waliopata kuwatumikia Wajerumani, wakatekwa, kisha wakabadilishiwa bendera. Basi mtu aliweza kuwa mateka mwaka huu na askari wa adui yake wa jana mwaka wa pili, wala hakuna aliyemwuliza vita vile vilikuwa na faida gani kwake. Kiswahili kilisemwa katika majeshi yote mawili. Mateka alipoomba maji usiku, mlinzi hakuhitaji mkalimani.

Wazee wetu walisema kwamba vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Wakoloni wawili waligombea ardhi isiyo yao, na damu ikawa ya wenye ardhi. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliwalipa askari wake wa zamani waliosalia malimbikizo ya mishahara yao. Wapagazi walibaki na kumbukumbu ya jina la Kariakoo, mjini Dar es Salaam.

Wazee hao wote wamekwisha kututangulia. Lakini wajukuu wao wapo, Ufipa na kwingineko, nao wanajua masimulizi yao. Hatuna budi kuwauliza na kuandika, tusiwaachie majenerali peke yao historia ya vita vile. Aliyeshika bunduki langoni na aliyelala ndani ya seng'enge wanastahili heshima moja, maana wote wawili walinyimwa haki ya kuchagua.