Ini Lenye Makovu: Usikose Picha ya Miezi Sita

"Sista, tumbo haliniumi. Kwa nini mnaniita tena kupigwa picha?" Swali hili aliniuliza baba mmoja mwenye ugonjwa wa ini. Picha ya kwanza haikuonyesha kitu, naye akaacha kurudi.

Ini likiumizwa kwa miaka mingi, hasa na pombe au virusi vya homa ya ini aina ya B na C, hujaa makovu. Hali hiyo huitwa sirosisi. Kati ya makovu hayo ini hujaribu kujijenga upya, na hapo hutokea vinundu. Vingi si saratani, lakini kimojawapo chaweza kugeuka kuwa saratani, tena bila maumivu mwanzoni.

Ndiyo maana mwenye sirosisi hushauriwa kupigwa ultrasaundi kila baada ya miezi 6. Kipimo hiki hutumia mawimbi ya sauti na hakiumi. Kikionekana kinundu kipya kisichofika sentimita 1, picha hurudiwa mapema zaidi. Kikifika sentimita 1 au kuzidi, mgonjwa hupelekwa hospitali kubwa kwa kipimo cha CT au MRI.

Huko huchomwa mshipani dawa ya kung'arisha picha. Saratani ya ini hupata damu yake hasa kwa njia ya ateri. Kwa hiyo kinundu chenye saratani mara nyingi hung'aa kwanza, kisha hufifia kuliko ini linalokizunguka. Alama hizo zikiwa wazi, daktari aweza kuitambua saratani bila kuchukua kinyama. Zisipokuwa wazi, kipimo hurudiwa au kinyama huchukuliwa. Basi ukiambiwa urudi, usidhani umedanganywa.

Kinundu kikigunduliwa kingali kidogo, chaweza kukatwa au kuunguzwa. Yule baba alirudi baada ya miaka 2, macho ya njano na uvimbe mkubwa. Tulichoweza kumpa ni dawa ya kutuliza maumivu.

Enyi familia, msimwachie mgonjwa peke yake kazi ya kukumbuka. Andikeni tarehe kwenye kalenda ya ukutani, wekeni nauli mapema, na mumsaidie kuacha pombe kabisa. Asingoje maumivu, kwani yakija mara nyingi tumeshachelewa.