Tiyo ya maji imepasuka: joto linavyofichua siri ya plastiki

Tiyo mbili nyeusi za maji zinauzwa kwenye duka moja, bei inakaribiana, na muuzaji anaapa kwamba ni plastiki ileile. Baada ya misimu michache moja ingali nzima, nyingine imepasuka kwa urefu. Fundi anakata pale palipoharibika, anaunganisha upya, kile kibovu anakitupa. Maneno yanaishia hapo. Lakini kipande hicho kilichotupwa kinaweza kusema kilichotokea, na kinachokifanya kiseme ni kukipasha joto kidogo kidogo ndani ya laboratwari.

Kwa miji ya mashariki mwa Congo jambo hili si la mchezo. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano, kuchimba ni kazi ngumu, na tiyo nyingi zinalazwa juu ya ardhi, chini ya jua kali. Tiyo ikipasuka, wakaaji wanarudi kuchota maji ziwani, na kolera haiko mbali.

Mashine inayotumiwa zaidi ilivumbuliwa na watafiti wawili wa Marekani, Watson na O'Neill, mwaka wa 1962. Inahitaji miligramu 5 hadi 10 tu za plastiki, kidogo kuliko punje moja ya mchele. Kipande kinawekwa ndani ya kisahani cha aluminiamu, na kando yake kisahani kingine kitupu. Vyote viwili vinapashwa moto kwa mwendo uleule, mara nyingi digrii 10 kila dakika. Plastiki inapoanza kuyeyuka inameza joto zaidi kuliko kisahani kitupu. Mashine inaandika tofauti hiyo, na kwenye mchoro kinatokea kilima.

Mahali kilima kinapotokea ndipo jina la plastiki linapojulikana. Polietilini ngumu, ile ya bidoni za manjano na tiyo za maji, inayeyuka karibu na digrii 130. Polipropilini, ya viti na beseni nyingi, inangoja hadi 160 na zaidi kidogo. Plastiki ya chupa za maji ya kunywa inafika karibu 250. Kuna hata nailoni mbili ambazo jicho haliwezi kuzitofautisha: moja inayeyuka karibu na 220, nyingine 260. Anayetengeneza kifaa cha injini na kuchanganya hizo mbili atajua kosa lake siku injini itakapopata moto.

Si plastiki zote zenye kilima. Ile ya vikombe vyepesi vinavyovunjika ovyo, polistirini, haiyeyuki kwa ghafla. Inalegea tu karibu na digrii 100, na mtaalamu anatafuta hatua ndogo kwenye mchoro badala ya kilima.

Mafundi wazoefu wanapasha kipande mara mbili. Mara ya kwanza kinaeleza maisha yake: namna kilivyopozwa usini, kama kilikaa mahali pa joto. Kikishayeyuka, kumbukumbu hiyo inafutika. Mara ya pili plastiki inajieleza yenyewe. Hapo ndipo inaonekana kama kosa ni la mali iliyonunuliwa ao la namna ilivyofanyiwa kazi. Na kama kwenye tiyo ya polietilini kinatokea kilima kidogo cha pili karibu na 160, basi kuna mtu aliyechanganya beseni za zamani ndani yake.

Mizani iliyo ndani ya tanuru inafanya kazi nyingine. Plastiki inaungua na kutoweka, na chaki iliyoongezwa ili kupunguza gharama inabaki kwenye mizani. Masizi pia yanapimwa. Kanuni za kimataifa za tiyo nyeusi za maji zinataka yawe asilimia 2 hadi 2.5, kwa sababu ndiyo yanayoikinga plastiki na jua. Weusi peke yake si ushahidi.

Kipimo kinachowagusa zaidi wenye tiyo ni cha dakika. Usini unatia ndani ya plastiki dawa ya kuzuia isiozwe na hewa, na dawa hiyo inaisha polepole. Kipande kinawekwa kwenye digrii 200, kinapulizwa oksijeni, saa inahesabu. Tiyo mpya ya polietilini inapaswa kuvumilia angalau dakika 20 kabla ya kuanza kuungua. Iliyovumilia dakika 2 imekwisha kuzeeka, hata kama inang'aa.

Marekani walilipa ghali kwa kuzeeka kwa namna hiyo. Kuanzia mwaka wa 1978 mamilioni ya nyumba yaliwekewa tiyo za kijivu za polibutilini na viungo vya plastiki nyingine. Klorini inayotiwa ndani ya maji ili kuua vijidudu ilikuwa inazila kutoka ndani, mahali ambapo hakuna anayeangalia. Kuta zikalowa, sakafu zikaoza, kesi zikafika mahakamani. Mwaka wa 1995 makampuni yalikubali kutoa dola milioni 950. Klorini haikuondolewa kwenye maji, na haifai kuondolewa. Kilichobadilishwa ni plastiki.

Vijana wanaookota plastiki Bukavu, zile zinazoteremka Ruzizi na kuziba mitambo ya umeme, hawana mashine ya namna hii. Wana ndoo ya maji: polietilini na polipropilini zinaelea, plastiki ya chupa inazama. Wengine wanachoma kipande na kunusa moshi, jambo la hatari, maana plastiki ya PVC inatoa hewa inayochoma mapafu. Ndoo inatosha kwa kutenga marundo. Haiwezi kusema kama tiyo iliyo dukani leo itafika mwaka wa tano.

Kwa hilo kinatakiwa kipande kidogo kuliko punje ya mchele, kinachokatwa kabla tiyo haijalazwa, na anayeagiza kilometa nzima za tiyo za mradi wa maji ana haki ya kudai majibu yake kwa maandishi.