Kundi: Ni Moja au Ni Wengi?

Huenda mwanao ameleta daftari nyumbani, na mwalimu amepiga mstari mwekundu chini ya maneno haya: "The police is coming." Usidhani ameonewa.

Kiingereza kina majina ya jamii, yaani neno moja linalotaja wengi pamoja: family, team, committee. Kundi likitenda kama kitu kimoja, kitendo huwa cha umoja: "The committee meets today", kamati inakutana leo. Lakini Waingereza wakiwafikiria watu waliomo ndani, huweza kusema "The committee are arguing", kwa kuwa wanaobishana ni wanakamati wao kwa wao. Wamarekani kwa kawaida hushika umoja tu. Basi vitabu viwili vikitofautiana hapo, usimlaumu mwalimu.

Yako maneno mengine, kama police na cattle, ambayo hayana s mwishoni, lakini ni wingi daima: "The police are coming", "The cattle are thirsty." Hapo hakuna hiari.

Tena mtoto asichanganye. Akianza na is, amalize na its, si their. Kosa ni dogo, lakini katika mtihani maksi chache zaweza kumnyima nafasi ya shule mtoto ambaye wazazi wake wameuza mbuzi ili asome.

Hata wewe usiyejua Kiingereza waweza kusaidia. Jioni, baada ya Rozari, fungueni daftari pamoja, umwulize: "Mwanangu, hapa umesema kitu kimoja, au umesema wengi?" Akijieleza vema, ameelewa.