Gugu, Mgeni na Mvamizi: Istilahi za Usafishaji wa Ardhioevu

Mtu anayejitolea kusafisha ardhioevu iliyohifadhiwa hupewa maagizo machache kabla hajaingia majini: aondoe nini na aache nini. Mara nyingi maagizo hayo huwa yametafsiriwa, na neno moja lililochaguliwa vibaya laweza kumfanya aharibu mmea uleule ambao hifadhi inakusudia kuulinda. Makala haya yanajadili maneno matatu ambayo hutumiwa kana kwamba yana maana moja: gugu, mgeni na mvamizi. Mifano mingi imetolewa katika nchi ya Tabora na njia ya kale ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji.

Kwanza, mahali penyewe. Misafara iliyotoka Tabora kwenda Ujiji ilibidi ivuke Mto Malagarasi. Mabonde ya mto huo na ya Moyowosi ndiyo ardhioevu ya kwanza ya Tanzania kuingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa mwaka 1971. Yaliingizwa mwaka 2000, na eneo lake ni hekta 3,250,000 hivi. Istilahi ardhioevu yafaa kwa kuwa hujumuisha kinamasi, bwawa, ziwa na uwanda unaofurika. Neno mbuga halitoshi. Unyamwezini mbuga ni bonde la udongo mweusi linalotuama maji wakati wa masika, lakini kwingineko wasomaji wataelewa kuwa ni uwanda wa nyasi na wanyama.

Gugu ni mmea unaoota mahali usipotakiwa. Neno hili hutoa hukumu ya mtumiaji wa ardhi. Halielezi asili ya mmea. Kiduha, kinachodhoofisha mahindi na mtama, ni gugu baya, na hali ni mwenyeji wa Afrika. Vivyo hivyo, mwenye mtumbwi aweza kuyaita mafunjo na matete magugu kwa sababu yamemzibia njia. Hata hivyo mimea hiyo ni ya asili, na ndiyo makao ya ndege na maficho ya samaki wachanga.

Mgeni ni mmea ulioletwa na binadamu kutoka nchi nyingine. Neno hili huonyesha asili tu, wala si lawama. Mwembe, uliopandwa kando ya njia ya misafara, asili yake ni Asia ya Kusini. Mahindi, mihogo na tumbaku, zao maarufu la Tabora, asili yake ni Amerika. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kikundi kitakachoagizwa kuondoa "mimea yote ya kigeni" kitakuwa kimeagizwa kukata miembe na kung'oa mihogo.

Mvamizi ni mgeni anayeenea bila kupandwa, akawasonga wenyeji na kuleta madhara. Mfano dhahiri ni gugu maji, mmea unaoelea, wenye asili ya Amerika ya Kusini, ambao ulienea katika Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Hufunika maji, huzuia mwanga, hupunguza hewa ndani ya maji na hufunga njia za mitumbwi. Hapa pana tatizo la lugha. Wengi hulitaja kwa wingi, magugu maji, na asiyelijua aweza kudhani kuwa ni magugu yoyote yaotayo majini, mafunjo yakiwamo. Kwa hiyo yafaa jina gugu maji libaki kuwa la mmea huo mmoja tu, na kundi zima liitwe mimea vamizi ya majini.

Vitenzi navyo vinahitaji uangalifu. Kufyeka ni kukata na kuacha shina; kung'oa ni kutoa pamoja na mizizi iliyoshika ardhini; kuopoa ni kutoa kitu majini. Gugu maji likikatwa na vipande kuachwa, vipande hivyo huchukuliwa na maji na kuota kwingine. Kitenzi chake, basi, ni kuopoa. Hata hivyo mikono peke yake haitoshi, kwa kuwa mbegu zake hukaa matopeni miaka mingi. Ndiyo sababu katika Ziwa Victoria, pamoja na uopoaji wa wananchi, fukusi wanaolila waliachiliwa katika miaka ya 1990.

Kadhalika, neno kujitolea lisitumiwe ovyo. Mpagazi wa Kinyamwezi katika msafara alichukua mzigo kwa ujira. Vivyo hivyo, anayelipwa kwa siku ni kibarua, na aliyeamriwa kwenda hakujitolea.

Tunapendekeza matumizi yafuatayo:

(a) gugu: mmea usiotakiwa mahali ulipo, wa asili au wa kigeni;
(b) mmea wa kigeni: mmea ulioletwa, wenye manufaa au usio nayo;
(c) mmea vamizi: mmea wa kigeni unaoenea wenyewe na kudhuru;
(d) mmea wa asili: mwenyeji wa mahali panapohusika.

Kwa utaratibu huu mfasiri ataweza kuandika agizo lisilo na utata: "Opoeni gugu maji lote pamoja na vipande vyake. Mafunjo na matete ni mimea ya asili; yaacheni."