Mwenye macho haambiwi tazama. Asiye nayo aambiwe nini?

Wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Ni methali niliyoitumia darasani kwa miaka mingi bila kuutafakari upande wake wa pili. Iwapo mwenye macho haambiwi, basi asiye nayo hana budi kuambiwa, tena aambiwe kwa maneno yanayotosha. Nimelazimika kuliwazia jambo hili tangu siku kaka yangu mkubwa alipokataliwa mlangoni mwa ukumbi wa mazoezi ya viungo.

Kaka yangu alikuwa fundi seremala kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya ugonjwa wa glakoma kumpokonya uwezo wa kuona. Mtu aliyezoea kusimama kutwa akipiga randa aligeuka wa kuketi kitini tangu asubuhi hadi jioni. Mwili ukanenepa, shinikizo la damu likapanda, na daktari akamwagiza afanye mazoezi. Nikampeleka katika ukumbi mmoja mjini. Msimamizi, kijana mwenye adabu zake, alimtazama kaka kisha akanigeukia mimi. "Mzee ataumia hapa," akasema. "Hatuna mtu wa kumwangalia." Kaka mwenyewe hakumwuliza swali lolote, hata jina. Tulirudi nyumbani kimya.

Nilimlaumu sana kijana yule, hadi asubuhi iliyofuata nilipojitwika mwenyewe kazi ya ualimu. Nilimsimamisha kaka uani nikaanza kumwelekeza. "Nyanyua mikono hivi. Sasa geuza kiuno hivi, halafu shuka hivi." Kaka akabaki amesimama wima, mikono hewani, akingoja. Kisha akauliza, "Hivi ni vipi, bwana mdogo?"

Sikuwa na jibu. Mimi ninayewafundisha wanafunzi wa chuo kikuu kuhusu vionyeshi nilikuwa nimesahau somo la kwanza kabisa: kionyeshi huonyesha, na hakimfai kitu mtu asiyekiona kidole kinachoonyesha. Kaka alicheka, akanihurumia. "Nieleze kama unavyomweleza fundi," akasema. "Upande gani, kiasi gani, mpaka wapi."

Msomaji huenda akadhani kwamba hili ni jambo dogo katika nchi ambamo wasioona wengi wangali wanatafuta shule na ajira. La hasha! Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2020 unawashauri watu wazima, wakiwemo wenye ulemavu, wafanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kila wiki. Moyo, mishipa ya damu na kongosho havitambui tofauti baina ya anayeona na asiyeona. Isitoshe, kisukari ni miongoni mwa maradhi yanayopofusha, na mgonjwa wa kisukari aliyepofuka ndiye hasa anayehitaji kuutumikisha mwili wake. Tukimfungia nje ya ukumbi, tunamwongezea maradhi juu ya maradhi.

Wala hatuwezi kusingizia kwamba asiyeona hana nguvu za mazoezi. Kenya ni shahidi. Henry Wanyoike alipoteza uwezo wa kuona mwaka wa 1995 kutokana na kiharusi. Miaka mitano baadaye, katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu mjini Sydney, alishinda dhahabu katika mbio za mita 5,000. Msaidizi wake aliishiwa nguvu karibu na utepe, na asiyeona ndiye aliyemvuta anayeona hadi mwisho wa safari! Mjini Athens mwaka wa 2004 aliongeza dhahabu mbili, za mita 5,000 na 10,000. Samwel Mushai Kimani alishinda mbio za mita 1,500 mjini London mwaka wa 2012 na tena Rio mwaka wa 2016, naye Nancy Chelangat Koech akatwaa shaba ya umbali huo huo mjini Tokyo mwaka wa 2021. Chombo kinachowaunganisha wakimbiaji hawa na wasaidizi wao si mtambo wa mamilioni. Ni kamba fupi, ncha moja mkononi mwa huyu na nyingine mkononi mwa yule.

Hata hivyo, nishani za wachache zisitufanye tuwasahau walio wengi. Kaka yangu hatafuti dhahabu. Anatafuta njia ya kutoa jasho bila kudhalilika. Aidha, yapo mazoea mabaya yanayoanza mapema. Ni mara ngapi mtoto asiyeona, katika shule ya watoto wanaoona, huambiwa aketi chini ya mti alinde nguo za wenzake wakati wa kipindi cha michezo? Mwalimu hudhani anamhurumia. Kumbe anamfunza kwamba mwili wake ni mzigo wa kuwekwa kivulini, na mafunzo hayo huyabeba hadi uzeeni.

Dawa ya kwanza ya tatizo hili imo vinywani mwetu. Kiswahili hakikutunyima maneno. Mtu hulala chali, hulala kifudifudi, hulala kiubavu, na hakuna anayeweza kuyachanganya matatu hayo. Huketi kitako, huchuchumaa, hupiga magoti, hutambaa. Tuna kiwiko na kiganja, nyonga na paja, goti na ugoko, kisigino na wayo. Badala ya kusema "fanya hivi", mwalimu aseme: "Simama wima, visigino viguse ukuta. Nyanyua mkono wa kulia mbele yako hadi kiganja kifike usawa wa bega. Kunja goti la kushoto, ulinyanyue mpaka paja liwe sambamba na sakafu." Maelekezo kama hayo humsaidia asiyeona, na humsaidia pia anayeona aliyesimama safu ya nyuma. Pale ambapo maneno hayatoshi, mkono usaidie, lakini baada ya idhini: "Naomba nikushike kiwiko." Mwili wa asiyeona si mali ya umma.

Kwamba mazoezi yanaweza kufundishwa kwa sauti pekee si ndoto yangu. Wajapani walianza kutangaza mazoezi ya viungo redioni mwaka wa 1928, na hadi leo sauti ya mwelekezaji ikisindikizwa na piano huwaamsha watu wakajinyoosha. Sisi tuna redio takriban katika kila kijiji, zinazotangaza kwa Kiswahili na kwa lugha zetu nyingine. Zinashindwa nini kututengea dakika kumi za alfajiri, apatikane mwalimu anayejua kueleza?

Michezo nayo ipo. Mwaka wa 1946 Hans Lorenzen wa Austria na Sepp Reindle wa Ujerumani walibuni mchezo wa golboli kwa ajili ya askari waliopofushwa na vita. Timu mbili za watu watatu watatu hubingirishiana mpira wenye kengele ndani, katika uwanja wa mita 18 kwa 9. Wachezaji wote hufungwa macho ili asiwepo wa kumzidi mwenzake, na mistari ya uwanja huwa na uzi chini ya utepe ili iguswe kwa mkono au mguu. Watazamaji hunyamaza mpira uchezwapo. Shule yoyote yenye bwalo la chakula inaweza kuanza.

Kumbi za mazoezi nazo zina la kufanya lisilowafilisi. Baiskeli isiyosogea haimhitaji mtu kuona aendako. Vitufe vya mashine vinaweza kubandikwa alama zinazopapaswa. Vioo laini vya kisasa vinavyoendeshwa kwa kugusa tu ndivyo vinavyomtatiza asiyeona, kwa kuwa kidole hakipati cha kushika. Vyuma virudishwe mahali pake vikishatumiwa, na njia zisizibwe. Mgeni asiyeona azungushwe siku ya kwanza, aguse kila kitu, aambiwe kilipo. Atembezwapo, yeye ndiye amshike msaidizi kiwiko, akae nusu hatua nyuma yake, wala asisukumwe kama rukwama.

Serikali nayo isijifiche. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote pa umma na kupata habari, na Kifungu cha 7 kinaiagiza dola ikuze matumizi ya Breli na njia nyinginezo za mawasiliano. Lakini mazoezi rahisi kuliko yote ni kutembea, na atatembea wapi asiyeona ikiwa vijia vya miguu vimejaa bidhaa, pikipiki zinapita humo humo, na mitaro imeachwa wazi? Haki iliyoandikwa kitabuni haimwokoi mtu na shimo.

Kaka sasa huamka saa kumi na mbili asubuhi. Mwanangu wa kiume humngoja langoni na kipande cha kamba, nao hutembea hadi shule ya msingi iliyo jirani, ambako mwalimu mkuu ametukubalia kuzunguka uwanja. Huko hupiga mizunguko minne, na mitano akiwa na hasira. Sijui kama shinikizo la damu litamtii. Najua tu kwamba hachelei tena kuniambia nimekosea.

Kwa wenye kumbi, walimu wa michezo na wazazi wenzangu, ombi langu ni moja. Asiyeona akibisha hodi, msimtazame aliyemleta. Mwulizeni mwenyewe anataka nini, kisha mwambieni: upande gani, kiasi gani, mpaka wapi.